Paa la turubai au paa gumu: jibu kwa mwalimu wa Mikindani

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi Mikindani, hatua chache kutoka baharini. Nimepata Land Rover fupi, ile ya mlango mmoja kila upande, iliyotunzwa vizuri. Kwa sasa ina turubai, lakini mwenye gari bado analo paa lake la bati, amelilaza uani kwake, na yuko tayari kunifungia lolote nitakalochagua, ila la bati ataniongezea bei. Msimu wa korosho nitakuwa nikienda shambani Kitangari, na siku za mapumziko ninataka kuwapeleka wajukuu Msimbati. Gari litalala chini ya mwembe, kwa kuwa sina banda. Moyo wangu uko kwenye turubai kwa ajili ya upepo. Unanishauri nini?

Jibu: Shikamoo, Mwalimu. Nitakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Chukua paa gumu, hata kwa hiyo nyongeza ya bei, na umwombe muuzaji akuachie na turubai, kwa sababu lina kazi nitakayoieleza mwishoni. Wengi wangekupa jibu hilo hilo kwa sababu ya mvua. Mimi nimelitoa kwa sababu ya ule mwembe. Katika miaka niliyofanya kazi ya bodi za magari hapa Mtwara nimejifunza kumuuliza mteja gari lake linalala wapi kabla sijamuuliza linakwenda wapi, maana gari la mtu binafsi huwa njiani saa mbili tatu kwa siku, saa zote zilizobaki limesimama, na turubai huzeeka zaidi likiwa limesimama.

Turubai huanza kufa kwenye mshono. Mikindani iko karibu nyuzi 10 kusini ya ikweta, na nyuzi hizo za ramani ndizo adui wa nyuzi za cherehani: jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 20 Oktoba na tena katika wiki ya mwisho ya Februari, na kati ya nyakati hizo mbili haliendi mbali sana. Mionzi ya urujuanimno hula uzi wa juu ya paa kabla haijala kitambaa chenyewe, kwa hiyo mtu hulitazama turubai lake akaliona zima, halina tundu, rangi imefifia kidogo tu, kumbe mshono umebaki kushikiliwa na mazoea. Ukitaka kulipima hilo la muuzaji, panda juu ya kiti, utafute mshono unaopita juu ya chuma cha kwanza nyuma ya dereva, uingize ncha ya msumari chini ya pindo moja la uzi na uinue taratibu. Uzi mzima utainuka na kitambaa chake; uzi uliokufa hukatika bila kutoa sauti, na ukiusugua kati ya vidole unakuwa unga. Hapo ndipo mvua ya Januari itakapoingilia, wakati watu wengi wanaponunua hukagua pembeni na kwenye zipu.

Utaniambia kwamba mwembe utalikinga turubai na jua. Ni kweli utalikinga, lakini utaliletea mengine. Chini ya mwembe kuna utomvu, kuna majani yanayojikusanya kwenye mabonde ya turubai, kuna kinyesi cha popo wakati wa maembe, na zaidi ya yote kuna unyevu ambao haukauki hadi saa nne asubuhi. Kama turubai ni la pamba, unyevu huo huzaa ukungu mweusi ambao hauondoki kwa sabuni, na ukisugua kwa nguvu unaondoa ile dawa ya nta inayozuia maji. Kama ni la plastiki, mfano wa yale ya malori, ukungu hukaa juu tu na hufutika, ila turubai hilo huwa gumu kadiri miaka inavyokwenda na hupasuka pale linapokunjwa mara kwa mara. Kitambaa cha akriliki kilichotiwa rangi tangu kwenye nyuzi huvumilia jua na ukungu kuliko vyote viwili, nacho ndicho ningekitafuta kama ningelazimika kushona jipya, lakini usitegemee kukikuta katika kila duka la vitambaa. Mara nyingi utaagiza Dar es Salaam.

Kwa kuwa nimegusa kushona, niseme na jambo ambalo mafundi wetu wa viti, ndio wanaotushonea maturubai, hawakubaliani. Wako wanaoshikilia uzi wa pamba kwa sababu ukilowa huvimba na kuziba matundu ya sindano, na wako wanaotaka uzi wa poliesta kwa sababu hauozi upesi. Wote wana haki. Mimi huchagua poliesta nene na kupaka nta juu ya mshono upande wa nje, kisha ninarudia kupaka kila mwaka kabla ya mvua za Desemba. Ni kazi ya nusu saa, ila inabidi mtu aikumbuke, na gari lenye paa gumu halimdai mwenyewe kumbukumbu ya namna hiyo.

Sasa nihamie kwenye hilo unaloliita bati. Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uende nayo uani kwa muuzaji. Ukiiweka juu ya paa na kwenye mbavu zake za pembeni, kama ni paa la asili la Land Rover, sumaku itateleza na kuanguka, kwa sababu shuka za paa hilo ni za aluminiamu. Waingereza walipoitoa Land Rover ya kwanza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, wakatumia aluminiamu, na tangu hapo hawakuiacha hadi Defender ya mtindo wa zamani ilipokoma kutengenezwa Januari 2016. Kwa mtu anayeishi jirani na bahari hilo ni jambo kubwa, kwa sababu chumvi inayomaliza mabati ya nyumba zetu katika miaka michache huigusa aluminiamu kwa adabu zaidi.

Lakini usishangilie mapema. Aluminiamu ikigusana na chuma mahali penye maji ya chumvi, vitu hivyo viwili hutengeneza kitu kama betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Dalili yake ni ungaunga mweupe unaovimbisha rangi kama upele. Uutafute mahali matatu: kwenye mstari ambapo paa linakaa juu ya fremu ya kioo cha mbele, kuzunguka kila bolti ya pembeni, na kwenye kingo za chini za mlango wa nyuma, ambao ndani yake una fremu ya chuma iliyovikwa aluminiamu. Bonyeza kwa kidole gumba. Pakibonyea kama mkate uliolowa, mlango huo una safari moja tu iliyobaki, ya kwenda kwa fundi wa kuchomelea, na gharama yake uitoe katika bei. Ungaunga kidogo kwenye bolti usikutishe. Wakati wa kufunga, mwambie fundi atumie bolti zisizoshika kutu, aweke washa za nailoni kati ya bolti na shuka, na apake grisi kwenye kila uzi wa bolti. Fundi anayekuambia grisi haina haja hajawahi kufungua bolti iliyokaa Mikindani miaka mitano.

Ikiwa sumaku itashika, basi paa hilo si la asili. Ni la kuchongwa mtaani kwa bati la chuma, na ushauri wangu unabadilika: usiongeze hata shilingi kwa ajili yake. Mapaa ya aina hiyo huwa mazito kupita kiasi, hayana mfereji mzuri wa maji pembeni, na huoza kuanzia ndani mahali ambapo brashi ya rangi haikufika. Hapo ni heri ubaki na turubai huku ukitafuta paa la Land Rover iliyokufa. Kusini huku hazijaisha. Paa la faibaglasi nalo halina ubaya kama halina nyufa kwenye kona za madirisha, wala halijui kutu.

Vumbi ndilo lililonibadilisha mimi mwenyewe, maana zamani nilikuwa mtu wa turubai. Kiangazi kimoja nilitoka Liwale kwenda Nachingwea kwa gari la rafiki yangu, fupi kama hilo lako, na kwa ajili ya joto tulikunja pazia la nyuma tukalifunga juu kwa kamba, madirisha ya mbele tukayafunga ili tusile vumbi la lori lililokuwa mbele yetu. Ilikuwa ni kosa lililokamilika. Gari linapokwenda huacha nyuma yake nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa, na vumbi linalotimuliwa na magurudumu yake lenyewe huvutwa kuingia ndani kupitia uwazi wa nyuma. Tulipofika, abiria wawili wa nyuma walikuwa na nyusi nyekundu kama waliopakwa hina, na mmoja akilalamika kuumwa kichwa. Vumbi lilioshwa kwa ndoo moja ya maji. Kichwa ndicho kilichonitia hofu baadaye, kwa sababu njia ile ile inayoingiza vumbi huingiza moshi wa ekzosi, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kwa hiyo, Mwalimu, gari liwe na paa lolote, usiendeshe wajukuu wakiwa nyuma na mlango au pazia la nyuma likiwa wazi huku mbele kumefungwa. Fungua mbele ili hewa iingie, nyuma pafungwe kabisa. Land Rover ya zamani ina vile vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele vinavyofunguliwa kwa mkono. Hivyo ndivyo kiyoyozi chako, na vikiwa wazi husukuma hewa ndani hata vumbi likakosa nafasi ya kuingilia.

Njia za mashambani kutoka Kitangari, ukishaacha barabara kuu, zina vumbi hilo hilo la uwanda wa Makonde, na lina tabia ya kupenya kwenye zipu. Zipu iliyokwisha kula mchanga na chumvi hufunguka siku mbili tatu, ya nne inakatika meno. Kwa shamba la korosho kuna na jambo la salfa. Najua utaibeba, kila mwenye mikorosho huibeba msimu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho ambao salfa ndiyo dawa yake. Unga wake hukaa ndani ya kitambaa cha turubai na hautoki, utaunusa hadi Krismasi, na salfa ikikaa muda mrefu mahali penye unyevu hugeuka kidogo kidogo kuwa tindikali, ambayo haina urafiki na chuma wala na nyuzi. Ndani ya paa gumu unafungua mlango wa nyuma, unafagia, unafuta kwa kitambaa chenye maji, kazi imekwisha.

Kuhusu joto, upande wako una nguvu na sitaki kuupuuza. Shuka tupu ya aluminiamu, saa saba mchana, juu ya kichwa cha mtu, ni kikaango. Waliotengeneza gari hili walilijua hilo, wakawauzia watu wa nchi za joto paa la safari, yaani paa lenye tabaka la pili juu yake, kati ya matabaka hayo mawili pakiachwa upenyo mdogo ambao hewa hupita. Tabaka la juu linapigwa na jua, la chini linabaki kivulini. Ukiona juu ya paa la muuzaji kuna shuka nyingine iliyoinuliwa kidogo, pengine na vijidirisha vidogo vya hewa, basi usibishane naye sana kuhusu ile nyongeza. Kama haipo, paka paa rangi nyeupe, kwa sababu nyeupe hurudisha jua kuliko kijani au kahawia, na ndani ubandike sponji ya aina isiyonyonya maji. Usimkubali fundi anayetaka kukuwekea sponji ya godoro: itanyonya unyevu wa bahari na kuozesha kila kitu kilichoizunguka.

Pia, kama pembeni mwa paa hakuna madirisha, yakatiwe. Namaanisha vioo vya kusukuma, viwili kila upande au kimoja kirefu, vyenye fremu ya aluminiamu na mpira wake. Land Rover nyingi zimefanyiwa hivyo na mbavu za paa haziathiriki mradi fundi asikate nguzo. Vikifunguliwa nusu, upepo wa kusi utapita kati ya wajukuu bila kuwachukulia kofia. Turubai lenyewe, ukumbuke, halikupi upepo mpaka ulikunje, na likiwa limefungwa wakati wa mvua huwa na joto pengine kuliko aluminiamu, huku yale madirisha yake ya plastiki, ambayo jua huyafanya ya njano na kuyapasua pasua, yakikuonyesha ulimwengu kana kwamba unautazama kupitia chupa ya mafuta ya kupikia.

Kuhusu wezi sina maneno mengi. Turubai ni kazi ya wembe mmoja. Paa gumu halizuii mwizi aliyedhamiria, ila linamlazimisha apige kelele, na uani pasipo ukuta kelele ndiyo mlinzi wako. Hata hivyo weka sanduku la chuma lenye kufuli, lifungwe sakafuni kwa bolti.

Jambo la usalama nitalikazia zaidi, kwa sababu watu hudanganyika na neno gumu. Paa la aluminiamu la Land Rover ya zamani limefungwa kwa bolti chache juu ya bodi, na gari likipinduka halikuhesabiwa kubeba uzito wake. Vyuma vya kushikilia turubai navyo ni mabomba membamba ya kubeba kitambaa tu. Kinachomwokoa mtu ni fremu ya mabomba manene iliyofungwa hadi kwenye chasisi, pamoja na mkanda. Chunguza mikanda ya mbele imeshikwa wapi kwa juu, maana gari linapobadilishwa kutoka turubai kwenda paa gumu, au kinyume chake, mahali pa kushikilia mkanda wa bega hubadilika, na nimeona magari ambayo fundi alimaliza kazi akauacha mkanda unaning'inia kwenye chuma cha turubai. Kwenye benchi za nyuma zinazotazamana, mkanda wa kiuno ni bora kuliko kutokuwa na chochote, lakini mjukuu mdogo akae kwenye kiti kinachotazama mbele.

Paa gumu litakushawishi uweke keria, na keria itakushawishi upakie. Gunia la korosho likijaa hukaribia kilo 80, na kilo hizo zikiwa juu ya kichwa cha gari fupi lenye magurudumu yaliyokaribiana huligeuza kuwa mtu aliyebeba mtungi kichwani akipita kwenye ukingo wa shimo. Magunia yakae sakafuni, katikati. Juu weka mikeka na madumu matupu. Kwenye mchanga wa Msimbati utalihisi hilo haraka kuliko popote, kwa sababu pale gari huyumba kabla ya kuzama, na gari zito juu huyumba zaidi. Punguza upepo wa matairi kabla hujaingia mchangani, beba pampu ya kuujaza unaporudi, na ukifika nyumbani lioshe gari kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, hasa chini na kwenye mifereji ya paa.

Wapo watakaokwambia uwe na vyote viwili, turubai kiangazi na paa gumu masika. Kwa maneno ni rahisi. Kwa vitendo unahitaji watu wanne wenye nguvu, nusu siku, na mipira mipya ya kuziba maji karibu kila mara, na nimewaona wengi wakifanya hivyo mwaka wa kwanza tu. Fanya uamuzi mmoja. Kabla ya kufunga, angalia kadi ya gari imeandika aina gani ya bodi, na uwaulize TRA na kampuni yako ya bima kama badiliko hilo linahitaji kuandikishwa, ili usije ukabishana na mtu siku ya ajali. Ungeniambia gari litalala bandani, litabaki shambani, na kazi yake ni kubeba mianzi mirefu na mapipa yanayosimama wima, ningekuambia bila kusita ubaki na turubai, ule na ile nyongeza.

Siku paa litakapofungwa, mpe mjukuu mmoja akae ndani na tochi, milango yote ikiwa imefungwa, na mwingine amwage maji kwa jagi taratibu kwenye mstari wa juu ya kioo cha mbele, kisha kwenye kona nne, kisha juu ya mlango wa nyuma. Akiona tone aweke alama ya chaki hapo hapo. Usimlipe fundi kabla ya zoezi hilo.

Na lile turubai, ambalo nilikuomba ulichukue: mpelekee fundi viti akate vipande vya pembeni vyenye zipu na madirisha, abakize lile shuka la juu, akunje kingo na kutia pete za shaba kwenye kona na katikati. Msimbati utalifunga upande mmoja kwenye mfereji wa paa, upande wa pili kwenye miti miwili iliyochimbiwa mchangani, nawe utakaa chini yake ukipata upepo wote unaoutafuta, gari likiwa limesimama. Kusi likizidi, lishushe mapema kabla halijang'oa mfereji. Nyumbani lianike hadi likauke kabisa, ulizungushe kama mkeka badala ya kulikunja, ulining'inize darini kwa kamba mbali na ukuta, maana panya wa Mikindani hawabagui turubai la pamba wala la plastiki.